Nyumba Inapozidiwa na Watu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo linalompata karibu kila mwenye nyumba. Nyumba aliyoijenga akiwa kijana, iliyomtosha yeye na mkewe, sasa imezidiwa na watu. Watoto wamezaliwa na kukua. Wavulana hawawezi tena kulala chumba kimoja na dada zao. Mama mzee amebaki peke yake, naye yafaa aletwe karibu. Na wageni hawakosi. Mwenye nyumba huhesabu fedha zake, akamwita fundi, akamwambia, "Niongezee vyumba viwili hapo nyuma." Fundi hujibu, "Vema, Bwana," na kesho yake kazi huanza.

Maneno hayo, "niongezee vyumba viwili hapo nyuma," niliyasema mimi mwenyewe, nami niliyajutia. Kwa hiyo sitaki kuwafundisha kama mtu ajuaye yote, bali kama mtu aliyekosea akalipa, ambaye hapendi mwenziwe alipe mara ya pili.

Nyumba yangu iko katika nchi ya Bonde, bara ya Tanga. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu: kuta za miti na udongo zilizopigwa lipu, paa la mabati, baraza mbele, na ukumbi katikati utokao barazani mpaka uani. Chumba kimoja kilikuwa chetu, cha pili cha watoto, na cha tatu, cha mbele, nilikuwa naweka vitabu vyangu. Baba yangu alipofariki, nilitaka mama aje kukaa nasi. Nikajenga vyumba viwili vipya, nikaviegemeza kwenye ukuta wa nyuma, kimoja huku na kimoja huku, mlango wa uani ukiwa katikati. Cha mama kilikuwa nyuma ya chumba cha watoto. Mke wangu aliniambia kabla kazi haijaanza, "Baba, ukijenga hapo, watoto watapata wapi hewa?" Nikamjibu kwamba fundi ajua kazi yake. Tena, ili nipunguze gharama ya mlango mmoja, sikukipa chumba cha mama mlango wa nje. Nikasema atapita chumbani mwa watoto.

Masika ya kwanza yalinionyesha ujinga wangu. Dirisha la watoto, ambalo zamani lilitazama uani, sasa lilitazama chumba kingine. Hata saa sita mchana ilikuwa lazima kuwasha taa ili mtoto asome, na nguo zilizowekwa sandukuni zikaota ukungu. Paa la vyumba vipya liliinama kuelekea paa la zamani, hata maji ya mapaa mawili yakakutana juu ya ukuta mmoja, na mvua zilipokwisha ukuta ule ulikuwa na ufa wa kutia kidole. Lakini lililoniumiza zaidi lilikuwa habari ya mama. Kila alipotaka kwenda chooni usiku, ilimpasa kupapasa katikati ya vitanda vya watoto, nao huamka wakilia. Basi akaanza kuacha kunywa maji tangu jioni, asije akawasumbua. Hatukujua, mpaka siku moja aliponiambia, "Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, lakini nirudishe kwangu. Hapa sina mlango." 

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Nami niliongeza vyumba nisiangalie ndani. Ndipo nilipofahamu neno ambalo nataka mlishike leo: kila chumba kipya huja na deni. Huichukulia nyumba ya zamani kitu fulani, ama hewa, ama mwangaza, ama njia ya watu, ama njia ya maji. Fundi hodari na mwenye nyumba mwenye busara hulipa deni hilo kabla ya kuchimba msingi. Asiyelilipa, watu wa nyumbani humlipia siku zote.

Basi yatupasa kufanyaje? Kwanza, hesabu watu, usihesabu vyumba. Chukua karatasi, uandike kila akaaye nyumbani, na umri wake, na mahali alalapo, na mahali akaapo mchana. Kisha andika watakavyokuwa baada ya miaka mitano. Mtoto wa miaka minane atakuwa na kumi na mitatu. Binti wa kumi na tisa huenda akawa ameolewa. Mzee apandaye ngazi leo huenda asiweze tena. Halafu chora nyumba yako katika daftari ya hesabu yenye miraba, kila mraba uwe futi moja. Mwanafunzi yeyote wa shule aweza kuifanya kazi hii kwa kamba yenye mafundo, nami huwapa wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu waifanye kwa nyumba za kwao. Mchoro ukiisha, tembea kwa kidole: kutoka kitandani mpaka chooni usiku, kutoka jikoni mpaka penye maji, kutoka barazani mpaka alalapo mgeni. Ikiwa njia yapita juu ya kitanda cha mtu mwingine, mchoro huo haufai, ufutwe. Kufuta kwa raba hakuna gharama.

Na tafadhali, mchoro huo usichorwe na mwanamume peke yake. Ashindaye nyumbani mchana kutwa, akipika, akifua na kulea, ndiye ajuaye jua huingia wapi na maji ya mvua hutuama wapi. Mke wangu aliliona kosa langu kabla tofali la kwanza halijawekwa. Mara nyingi, mchoro ukitazamwa na wote, huonekana kwamba haja si ya vyumba viwili, bali ni ya chumba kimoja na kuhamisha mlango. Kupanga upya ni rahisi kuliko kujenga.

Pili, ikague nyumba ya zamani kama daktari amkaguavyo mgonjwa. Shusha timazi pembeni mwa kila ukuta uone kama umesimama wima. Choma nguzo kwa ncha ya kisu pale ziingiapo ardhini. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, mchwa wamekutangulia. Ukiuona ufa, piga alama ya kalamu katika ncha zake mbili na uandike tarehe. Mvua za masika zikipita, utazame tena. Ufa usiovuka alama umelala, waweza kuuziba. Ufa uliozivuka alama ungali unatembea, na chini yake kuna msingi unaozama. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," nasi twaijua sana methali hii. Lakini kuziba ufa juu bila kuutazama msingi ni kumfunga mgonjwa kitambaa na kumwacha na homa yake. Usiegemeze chumba kipya kwenye ukuta mgonjwa. 

Tatu, chagua mahali. Kanuni ya kwanza ni hii: jengo jipya lisizibe dirisha la chumba ambacho watu hulala. Likiwa hapana budi kuwa upande huo, liache mbali, walau futi sita, ili hewa na mwangaza vipate kushuka kati ya kuta mbili na mtu apate kupita na ndoo. Kanuni ya pili ni kutazama jua. Katika nchi zetu zilizo karibu na mstari wa ikweta, jua la asubuhi hupiga kuta za mashariki na jua la alasiri hupiga kuta za magharibi, na joto la alasiri hubaki ukutani mpaka usiku. Kwa hiyo madirisha makubwa yafaa yatazame kaskazini na kusini, ambako upenu wa futi mbili au tatu watosha kuyatia kivuli. Na upande wa magharibi uwekwe ghala, au bafu, au mti wa mwembe. Kila chumba cha kulala kipate madirisha mawili katika kuta mbalimbali, ili upepo uingie huku na kutoka kule. Dirisha moja peke yake ni kama chupa: hewa iliyomo ndani haitoki upesi.

Msidhani kwamba jambo hili ni maarifa mageni. Tazameni nyumba za mawe za Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti moja haivuki vema zaidi ya futi tisa au kumi. Watu wa Lamu walipozidiwa na jamaa, mathalan binti alipoolewa, waliongeza ghorofa juu, au waliunganisha nyumba mbili za jamaa kwa chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kiitwacho wikio. Lakini katikati ya nyumba walikiacha kiwanda, yaani ua usio na paa, nao hawakukijaza vyumba hata ardhi ya mji ilipokuwa haba. Kiwanda ndicho kilichovipa vyumba vya ndani hewa na mwangaza. Nasi katika nyumba zetu za kawaida, zenye ukumbi katikati na uani nyuma, ua ndio kiwanda chetu. Anayejenga vyumba mpaka ua ukaisha amekula mbegu.

Nne, msingi na kiungo. Jengo jipya huzama kidogo katika miaka yake ya kwanza, ilhali la zamani limekwisha tulia. Ukizifunga kuta mbili kwa nguvu kama ndugu pacha, moja ikizama itaipasua nyingine. Chimba msingi mpya mpaka ardhi ngumu, lakini pale unapokutana na wa zamani usichimbe chini kuliko wa zamani, usije ukaunyang'anya ardhi uliyosimamia. Ukuta mpya na uegemee ule wa zamani bila kuingia ndani yake, kisha funika kiungo kwa upapi wa mbao uliopigiliwa upande mmoja tu, ili kila ukuta upate kucheza kwa nafasi yake. Ukitaka kutoboa mlango au dirisha katika ukuta wa zamani, kwanza shikiza paa kwa nguzo, kisha weka mti mgumu juu ya nafasi hiyo, nao upite pande zote mbili walau shubiri moja, ndipo ukate ukuta chini yake. Watu wamekwisha umia kwa kukata kwanza na kushikiza baadaye.

Tano, paa, na hapa hesabu ya shule yatusaidia sana. Wengi hupenda kipenu, yaani paa dogo linaloanzia chini ya upenu wa nyumba na kuteremka nje. Kipenu ni rahisi, lakini kina mpaka wake. Tuseme upenu wa nyumba yako uko futi 8 kutoka chini, nawe wataka chumba cha upana wa futi 10, cha mabati, kwa mteremko wa futi moja katika kila futi nne. Gawanya 10 kwa 4, wapata futi mbili na nusu. Ondoa katika 8: ukuta wa nje utakuwa na futi tano na nusu. Mtu mzima wa kimo cha kawaida atagonga kichwa katika chumba chake mwenyewe, na joto la bati litamkaa utosini. Lakini ukifanya kipenu cha futi sita tu, mteremko utakuwa futi moja na nusu, na ukuta wa nje utakuwa futi sita na nusu. Hicho chafaa kuwa ghala, au mahali pa kufulia, au baraza ya nyuma. Kwa kulala, kingali kidogo na chenye joto.

Na kwa paa la makuti au nyasi mambo ni magumu zaidi, maana hutaka mteremko mkali, karibu futi moja kwa kila futi moja, la sivyo maji hupenya na paa huoza. Katika mfano wetu, kipenu cha makuti cha futi 10 kingeshuka futi 10, yaani kingefika chini ya ardhi! Basi penye makuti, na hata penye mabati ikiwa chumba ni kipana, ni heri kujenga kijumba cha pembeni chenye paa lake na kilele chake, na kuacha uchochoro kati yake na nyumba. Wala mapaa mawili yasimwagiane maji. Kila paa na limwage nje.

Na maji hayo msiyaache yapotee. Paa la mabati linalofunika eneo la futi 30 kwa 20, likinyeshewa mvua ya inchi moja, hupata karibu lita 1,400 za maji, yaani mapipa 7 ya lita 200. Mfereji wa bati na pipa safi lililofunikwa humpunguzia mama na watoto safari nyingi za kisimani, tena huzuia maji yasichimbe mguu wa ukuta. Lakini pipa lisilofunikwa ni shamba la mbu. Na juu ya mbu, kumbukeni kwamba yule aletaye malaria hupenda sana kuingia kwa mianya iliyo kati ya kichwa cha ukuta na paa. Mafundi wawapo juu, wazibe mianya hiyo kwa wavu wa waya, hewa ipite na mbu abaki nje.

Sita, jiko. Nyumba inapokuzwa, mara nyingi jiko husukumwa mpaka likawa katikati ya vyumba, na moshi wake ukawa wa watu wote. Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani uliwaua watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo. Kwetu, karibu na pwani, kusi huvuma kutoka kusini mashariki, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Pepo zote mbili hutoka upande wa bahari. Basi jiko letu lafaa kuwa upande wa magharibi wa nyumba, ili moshi uende zake. Wewe ukaaye mbali na pwani, uutazame upepo wa kwako mwaka mzima kabla hujaamua. Jiko liwe na tundu kubwa juu la kutolea moshi, na mtoto mchanga asilazwe humo. Choo nacho kiwe mbali na kisima walau futi 100, tena upande ulio chini zaidi, lakini kisiwe mbali hata mzee aogope kukiendea usiku. 

Sasa mtauliza, "Wewe Mwalimu, ulifanyaje hatimaye?" Tulikaa wote, na mama akiwapo, tukaichora nyumba upya. Tukakibomoa kile chumba cha nyuma nilichomjengea mama, na dirisha la watoto likaona jua tena. Mabati, mbao na mlango wake tukavitumia kujenga kijumba pembeni mwa ua, futi saba kutoka nyumba kubwa, nao wavulana wakahamia huko. Chumba cha zamani kikabaki cha wasichana. Kile chumba kipya cha pili tukaligeuza paa lake limwage maji nje. Nacho kikawa ghala na mahali pa vitabu vyangu, maana vitabu havigongi kichwa wala haviendi chooni usiku. 

Na mama tukampa chumba cha mbele, chenye mlango wa ukumbini, karibu na baraza. Hupita ukumbini mpaka uani bila kumwamsha mtu. Asubuhi hukaa barazani akawaamkia wapitao, akapokea salamu na habari za kijiji chote, nami nikirudi kazini ndiye anisimuliaye mambo ya siku ile. Hakusema tena habari ya kurudi kwake. Chumba kile kilikuwapo tangu zamani, sikukijenga. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kufikiri. Na gharama ya kubomoa na kujenga tena ilizidi mara nyingi bei ya mlango mmoja niliotaka kuuokoa.

Basi, ndugu zangu, kabla hujamwita fundi, jiulize maneno manne, na uyajibu kwa kalamu. Chumba hiki kipya kitamziba nani hewa? Kitamnyima nani mwangaza? Nani atapita kwa nani ili afike kitandani mwake? Na maji ya mvua yatakwenda wapi? Ukipata majibu mema, mwite fundi na kazi ianze. Usipoyapata, funga daftari, ukanywe chai na watu wako, mkaichore tena kesho. Kwaherini.